Zimebaki Ngapi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na walionilea pale Burumba watakuambia hivyo kabla hujamaliza kuuliza. Kwa hiyo nikikueleza habari ya Apolot na ile mashine, usitarajie nitaipamba. Nitaisema ilivyokuwa, na pa kukasirika nitakasirika.

Kampuni iliyoniajiri inasafirisha mizigo hadi Juba. Ofisi yake iko Malaba, ghorofa ya juu ya loji, na dirisha letu linatazama foleni ya malori ambayo haijawahi kuisha tangu niijue. Zamani jamaa za madereva walikuwa wakipanda ngazi kuja kuuliza: mume wangu amefika wapi, kijana wangu mbona simu imezima. Walikuwapo watu wawili wa kuwajibu na kusoma kila ujumbe unaoingia. Kisha ikaletwa akili unde ya kufanya kazi hiyo, vibarua vya wale wawili vikaota nyasi, na tangu siku hiyo hakuna jicho la binadamu lililosoma ujumbe wowote. Watu waliibatiza Karani. Unaipigia simu, nayo inakujibu kwa Kiswahili safi kuliko changu.

Karani alikuwa na udhaifu mmoja. Ukimuuliza habari za lori, anaomba rekodi zake zote, na rekodi hizo ni nyingi mno, maana kila lori hutuma mahali lilipo kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, na kila ujumbe unaolihusu huingizwa humo humo. Jibu likimzidi, alikuwa anakwama kabisa. Ndipo Quinton, fundi wetu wa Nairobi, akamtengenezea zana. Inalihifadhi lile jibu kubwa, inaligawa, inampa Karani sehemu ya kwanza, na nyingine inazishika mpaka aziombe. Ni kama chakula cha matanga: sufuria haiingii kwenye sahani, unapakuliwa kidogo, ukimaliza unarudi.

Mimi niliajiriwa kuandika maelezo ya zana hiyo kwa Kiswahili. Na hapa ndipo wengi hawanielewi. Maelezo hayo hayasomwi na watu tu. Karani mwenyewe huyasoma kila anapotaka kuitumia zana, na hufanya yalivyosema, hapunguzi wala haongezi. Rasimu ya Quinton, ambayo ndiyo Karani alikuwa akiifuata wakati huo, ilikuwa fupi ajabu. Sentensi yake ya mwisho ilisema: "Sehemu inayofuata inaweza kuombwa ikihitajika."

Ikihitajika na nani? Nilimpigia saa hiyo hiyo.

"Boss, Karani atajuaje kwamba anahitaji kitu ambacho hajakiona?"

Quinton akacheka. Akasema Karani ana akili. Nikamwambia hata mbuzi ana akili, lakini humwachii duka. Akasema nitulie, niandike ninavyoona, yeye atapitia. Basi nikawa nakaa pale kila siku nikiandika na kufuta, na kusonya.

Kwenye benchi lililo mbele ya meza yangu alikaa Apolot. Alikuwa akija kila asubuhi kutoka Moding, amevaa sweta lile lile la kijani, na pamoja naye alikuja shemeji yake, Mzee Emorut. Mumewe, Lazarus Okedi, alikuwa dereva wetu. Aliondoka na mzigo wa Juba, akavuka mpaka, na huko kaskazini mwa Uganda simu yake ikazima. Apolot alipomuuliza Karani, aliambiwa hivi: "Dereva Lazarus Okedi amelazwa hospitalini kwa homa kali. Hali yake imetulia." Akatajiwa na mji wenyewe, mji mdogo mbali kupita Soroti. Kesho yake akauliza tena, akajibiwa maneno yale yale. Kesho kutwa vile vile.

Alichotaka Apolot ni kimoja tu: aende akamchukue mumewe, akiwa hai amuuguze, akiwa vingine amlete nyumbani. Alishafunga mzigo wake. Alishamtuma dereva mmoja ampelekee Lazarus sweta zito na unga wa wimbi wa uji, maana uji wa hospitali haumpandi. Lakini Mzee Emorut alimzuia. Alimzuia kwa upole, na kwa sababu ambayo mtu wa mbali ataiona ujinga.

Kwao Moding, na kwetu pia nisijitoe, mtu hapigwi na habari nzima. Mjumbe huja, akapewa kiti, akapewa maji, akasema mgonjwa amezidiwa kidogo. Anaondoka. Baadaye anakuja mwingine, anasema amehamishiwa wodi nyingine. Ukiwaona wazee wamejaa uani na hakuna aliyeleta shauri, umeshajua, na moyo umeshapata pa kushika. Na wewe unayepewa habari humsukumi mjumbe. Kumvuta ulimi ni utovu wa adabu, na tena ni mkosi, kana kwamba umekiita kifo kwa jina. Unangoja. Atamalizia mwenyewe.

Sasa Emorut aliposikia Karani akirudia maneno yale yale bila kuongeza wala kupunguza, aliamua kwamba mashine imefunzwa adabu.

"Inajua yote hiyo," aliniambia ngazini, kofia mkononi. "Inamwandaa. Tusiisukume, binti yangu. Itasema siku yake ikifika. Mjumbe hauawi, na pia hakimbizwi."

Nilimtazama mzee wa watu, nikarudi mezani kwangu. Karani kasema hali imetulia, na mimi nilikuwa na maelezo yangu ya kuandika. Nilikuwa nikipigana na Quinton juu ya sehemu za mwanzo na za mwisho, na mbele yangu ameketi mwanamke anayepewa sehemu ya mwanzo kila siku, na haikunijia. Haki ya Mungu haikunijia.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nimefuta sentensi moja kwa mara ya sijui ngapi, nikasonya kwa nguvu, na Apolot akainua macho.

"Dada, wewe kila siku unaandika ukikasirika. Unaandika nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia jinsi jibu linavyokuwa refu, jinsi linavyogawanywa, jinsi Karani anavyopewa kipande cha juu. "Na huyu bwana wa Nairobi anataka niandike kwamba ataomba sehemu nyingine akihitaji. Mimi nasema hapana. Kitu cha kwanza msomaji aambiwe ni zimebaki ngapi. Kabla hajafungua mdomo kumjibu mtu, aulize: zimebaki ngapi?"

Niliendelea kuandika, nikidhani nimemchosha. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo kabisa.

"Na ile ya Lazarus, dada? Zimebaki ngapi?"

Nikaacha kuandika. Mzee Emorut akainuka kutoka kwenye benchi.

"Wee Apolot! Usimsukume mjumbe."

"Huyo si mjumbe, shemeji," akasema bila kumgeukia. "Mjumbe huniangalia usoni. Huyo hajui kama nimeketi ama nimesimama."

Nilikuwa na ruhusa ya kuifungua zana ili niijaribu. Nikaandika namba ya lori la Lazarus. Jibu likaja, na juu yake zana yenyewe ilikuwa imeonyesha wazi, kwa yeyote ambaye angejali kutazama: sehemu ya kwanza kati ya kumi na moja. Chini kabisa ya sehemu hiyo ulikuwapo ujumbe wa muuguzi: dereva amelazwa, homa kali, hali imetulia. Hapo ndipo Karani alipokuwa akisimama kila siku. Anasoma sehemu ya kwanza, anapata kitu kinachofanana na jibu, anaona hahitaji zaidi.

"Zimebaki kumi," nikasema.

"Soma."

Nikafungua ya pili. Alama za lori tupu. Nikafungua ya tatu, na humo nikaona kwamba siku ile ile Lazarus alipolazwa, mfumo wa kampuni wenyewe ulimtuma dereva mwingine akachukua lori pale hospitalini, safari ikaendelea. Mzigo haukuchelewa hata kidogo! Na kila lilipopita lori hilo liliacha alama zake, maelfu kwa maelfu, daraja hili, kituo kile, mpaka wa Sudan Kusini. Nilizipitia kwa hasira. Lori zima lilikuwa likitembea juu ya habari za yule mtu.

Kwenye sehemu ya saba, katikati ya alama, nikamkuta muuguzi tena.

Niliusoma ujumbe kimya kwanza. Nikafunga macho. Kisha nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya, na mama yake pia. Nilisukuma kiti changu nikasema, "Dada, hebu njoo ukae hapa karibu. Nikuitishie maji."

"Nimekaa hapa siku zote hizi," Apolot akasema. "Maji nimekunywa nyumbani. Soma."

Ujumbe ulikuwa kwa Kiingereza. Nikausoma kwa Kiteso, maana kuna habari isiyofaa kusemwa kwa lugha ya ofisi. Ulisema hivi: "Kwa wenye lori. Tunasikitika kuwaarifu kwamba dereva wenu, Lazarus Okedi, amefariki leo alfajiri. Simu yake iliibwa, na hakuna jamaa aliyefika. Namba hii tuliinakili kwenye mlango wa lori siku alipoletwa. Tafadhali wapeni watu wake habari."

Mzee Emorut alianguka magotini. Alitoa kilio ambacho kiliwafanya makuli kule chini waache kupakua na kutazama juu. "Funga!" akaniambia. "Imetosha, binti yangu, funga hiyo kitu! Ndugu yangu amekwisha, unataka nini tena?"

Na mimi nilitaka kufunga. Mkono ulishafika. Kwetu habari ikishafika kifo, imefika mwisho wake. Baada ya hapo ni kulia.

Apolot hakulia. Alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili, midomo imemkauka.

"Zimebaki ngapi?"

"Dada yangu..."

"Nimekuuliza."

"Nne."

"Soma zote."

Nikasoma. Ya nane, lori. Ya tisa, lori limefika Juba, limeshusha mzigo. Ya kumi, lori linarudi. Emorut alikuwa akilia chini, na mimi nilikuwa nikisoma majina ya vituo vya mafuta kwa sauti, machozi yakinidondoka, na Apolot akiitikia kila kituo kwa kichwa. Ya kumi na moja ilikuwa fupi. Haikutoka kwa muuguzi. Ilitoka mochari.

"Tumewaandikia bila kujibiwa. Mwili wa Lazarus Okedi bado uko kwetu, na nafasi hakuna. Jamaa wasipofika kufikia Ijumaa, manispaa itamzika."

"Ijumaa gani?" akauliza Apolot.

"Kesho."

Alisimama akachukua kikapu chake. Mzee Emorut alitaka warudi Moding kwanza, wazee waitwe, watu wakae, mambo yapangwe kama inavyotakiwa. Apolot akamwambia, "Shemeji, mimi naenda. Wewe kaa nao." Yule mzee akafuta uso kwa kofia akatufuata. Ndiyo, nami nilikwenda. Sikumuaga meneja wala mtu yeyote. Nilikuwa nimesoma yale maneno kwa mdomo wangu, nisingeweza kurudi kuketi.

Tulivuka mpaka kwa miguu tukapata gari upande wa pili. Tulipita Tororo, Mbale, na kufika Soroti tulikuwa tena miongoni mwa watu wanaosema Kiteso kama sisi, wanatupa pole na kutuonyesha njia. Baada ya hapo lugha ikabadilika na barabara ikaharibika. Nilijaribu kupiga namba zilizokuwa kwenye ujumbe. Moja haikupatikana, nyingine iliita tu.

Njiani Emorut, aliyekaa mbele ya gari, akasema bila kugeuka, "Nilidhani inakuandaa."

"Hata mimi nilidhani, shemeji," Apolot akajibu. "Ndiyo sababu sikuuliza."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulikuwa tunamngoja Karani amalizie, kwa adabu, na Karani alikuwa anangoja kuombwa. Kila mmoja akimsubiri mwenzake, na katikati yetu amelala mtu.

Tulifika Ijumaa, jua likiwa limeshapanda. Hospitalini muuguzi mmoja alimtazama Apolot, akaliona lile sweta la kijani, sijui kwa nini akaelewa. Akaingia chumbani akatoka na kifurushi. Lilikuwa lile sweta zito na ule unga wa wimbi, bado vimefungwa kwa kamba ya mkonge, na jina la Lazarus juu yake. Dereva aliyetumwa alivileta kama alivyoahidi, akaviacha mapokezi akawahi safari yake. Lazarus alikuwa ameshakufa vilipofika. Apolot alivipokea akavitia kikapuni, akauliza mochari iko wapi.

Mtunza mochari alikuwa mzee mwenye viatu vya mpira, Kiswahili chake cha kuokotea jeshini. Alituona tukija kwa mbali, watu watatu wenye vumbi, mmoja mwanamke aliyebeba kikapu. Akajua sisi ni kina nani. Akaliburuta benchi kivulini, akalipangusa kwa kiganja.

"Mama, karibu," akasema. "Kaa chini kwanza. Nyinyi mmetoka mbali. Maji iko, mimi nitaleta. Sisi tutaongea pole pole."

Alikuwa mtu mwema. Namsema hivyo kwa sababu nimewasema wengine wote. Alikuwa akifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye moyo angemfanyia mwenzake, na Mzee Emorut alishaanza kukaa. Apolot hakukaa.

"Baba," akasema, "zimebaki ngapi?"

Yule mzee alinitazama mimi. Sikuweza kumsaidia, nilikuwa nimeinamisha kichwa. Akamtazama Apolot tena, kisha akavua kofia yake.

"Habari moja tu, mama," akasema. "Sisi tumezika yeye leo asubuhi."

Hapo ndipo Apolot alipolia. Alilia akiwa wima, kikapu mkononi, na sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena.

Walituonyesha mahali. Ni nyuma ya kiwanja cha mnada, udongo mwekundu, vijiti vyenye namba, udongo wa kaburi lake ukiwa mbichi kuliko wote. Kumfukua kunahitaji kibali cha huko na kibali cha huku, na tangu siku hiyo Mzee Emorut amekuwa akifuatilia, anavuka mpaka anarudi, hajaacha. Kule Moding shimo lilichimbwa kando ya kaburi la baba yao. Wazee walisema lisifukiwe. Wameliwekea mabati juu mvua isiingie, na Apolot hulipita kila anapokwenda kisimani.

Nilirudi ofisini Malaba. Nilitegemea kufukuzwa, lakini hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Niliketi nikayamaliza maelezo siku ile ile, sikufuta hata neno. Mwanzoni kabisa, juu ya jina la zana na jina la Quinton, niliandika hivi: "Ukisoma sehemu ya kwanza, bado hujasoma. Uliza zimebaki ngapi, na usimjibu mtu yeyote mpaka uifikie ya mwisho. Anayekuuliza huenda ana adabu ya kutokuuliza tena."

Quinton alinipigia simu wiki iliyofuata. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta maneno. Alisema maelezo ni mazuri, Karani sasa anasoma hadi mwisho, ila ile sentensi ya kwanza ni kali mno kwa kazi ya kitaalamu, na ile ya adabu mashine haiihitaji. Tuipunguze kidogo?

Apolot alikuwa amekuja siku hiyo kuchukua vitu vya Lazarus vilivyobaki kwenye kabati la madereva. Alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile. Nikampa simu bila kumjibu Quinton, nikamwambia Apolot anachotaka huyo bwana. Alisikiliza mpaka Quinton akamaliza.

"Umemaliza yote?" akamuuliza. "Hakuna imebaki?"

Sijui Quinton alisema nini.

"Basi iache hivyo," Apolot akamwambia, akanirudishia simu yangu.